Jinsi ya kupima mate kujua kama fizi zina moto, na kusoma majibu bila kujidanganya

Mwezi wa saba huku Uyole, Mbeya, maji ya bombani asubuhi yanauma kama sindano, mtu anapiga mswaki haraka haraka akimbilie jikoni kwenye mkaa, akitema anaona wekundu kwenye beseni, anajisemea ah, ni hii baridi. Jamani baridi inapasua midomo, inapasua visigino, fizi haipasui. Fizi ikitoa damu mara nyingi ujue imevimba, na imevimba kwasababu kuna ukoga umekaa pale kwenye shingo ya jino siku nyingi na mwili umeanza kupigana nao. Kupigana huko ndo wataalamu wanaita inflamesheni, mimi nitauita moto tu ili tuelewane.

Niseme mapema kabla hamjanitumia picha za magego, mimi ni mtu wa maabara, sio daktari wa meno. Miaka kadhaa nimeshika damu, mkojo na makohozi, na kuna kipindi nilikuwa nakusanya mate ya watu kwa ajili ya kupima viashiria vya huo moto, Mbeya mjini, Tukuyu, mpaka Iringa. Kazi ile ilinionyesha kwamba mashine huwaga sio shida. Shida ni mate yalivyokusanywa, na shida ya pili ni mtu kusoma namba kama anasoma matokeo ya mpira, nimeshinda au nimefungwa. Kwa hiyo kwenye kukusanya nitakaa sana, kwingine nitapita.

Unatafuta nini kwenye mate

Mtu mzima anatoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na asilimia 99 ni maji. Hiyo kidogo iliyobaki ndo ina mambo: bikaboneti ya kupoza asidi, kalisiamu na fosfeti za kulirudishia jino madini, kingamwili, bakteria, seli zilizobanduka, protini za kila namna. Mate yanatoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa, za mbele ya masikio, za chini ya taya na za chini ya ulimi, lakini viashiria vya moto wa fizi vingi havitoki huko, vinavuja kutoka kwenye ule mwanya mdogo kati ya jino na fizi. Mwanya huo una maji yake, kidogo sana, fizi ikivimba yanaongezeka na kumwagikia kwenye mate. Ndo maana ukichukua mate unapata habari za mdomo mzima kwa mpigo, ila kwa sababu hiyo hiyo huwezi kujua ni jino lipi linasema.

Kwenye karatasi ya majibu utakutana na majina kama IL-1β, IL-6, TNF-α na MMP-8. Hizo tatu za mwanzo ni kengele, seli zinapigiana zikiona bakteria wamezidi, na IL-1β ina ubaya wa ziada manake ikilia muda mrefu inaamsha seli zinazokula mfupa wa taya. MMP-8 sio kengele, ni mkasi. Ni kimeng'enya cha kukata kolajeni, kinabebwa na zile seli nyeupe za damu zinazowahi kufika kwenye ugomvi. Sasa jino halijapigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye mbao, limeshikiliwa na nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo ni kolajeni. Mkasi ukizagaa pale miaka mitano, kumi, nyuzi zinakatika, mfupa unashuka, jino linaanza kucheza, na mara nyingi hujasikia maumivu hata siku moja.

Kuoza kwa jino ni kesi nyingine na watu wanazichanganya kila siku. Jino linaoza kwa asidi. Bakteria kama Streptococcus mutans, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1924 na Clarke kule London, wanakula sukari, wanatoa asidi, asidi inayeyusha madini ya jino. Ganda la nje la jino halina mshipa wa damu hata mmoja, sasa litavimbaje? Unaweza kuwa na tundu kwenye gego na IL-1β yako imetulia kabisa. Tafiti za viashiria kwa watu wenye meno mengi yaliyooza zipo, baadhi zimekuta kengele zimepanda, zingine hazijakuta kitu, kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha mate akisema kitakuonyesha kila tundu, mshukuru uendelee na safari. Kitu cha kweli ni kwamba asidi ikishavuka ganda na kufika kwenye dentini, lile tabaka la chini ya ganda, dentini nayo ina kolajeni, na ile mikasi, ya kwenye dentini yenyewe na ya kwenye mate, inaingia kumalizia kazi.

Kifupi, kwa fizi unatafuta kengele na mkasi, hivyo vinahitaji maabara au kile kipimo cha haraka nitakachokisema mbele. Kwa kuoza unaangalia mate ni mengi kiasi gani na yana asidi kiasi gani, na hayo mawili unaweza kuyafanya hata jikoni kwako Mbalizi.

Siku na saa

Usipime ukiwa na malaria, mafua makali, kidonda mdomoni, au umetoka kung'oa jino juzi. Moto wa sehemu nyingine nao unaonekana kwenye mate, CRP kwa mfano, kiashiria kingine cha moto, inatengenezwa kwenye ini, inazunguka kwenye damu, ndo inavujia mdomoni, haina habari kama tatizo ni fizi au ni kifua. Mtoto anayeota meno naye mwache kwanza. Mjamzito apime tu akitaka, ila ajue homoni zinafanya fizi zivimbe kwa ukoga ule ule ambao zamani haukumsumbua.

Chagua saa moja na ushikamane nayo. Sisi tulikuwa tunachukua kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kwasababu mate yana ratiba, usiku ukilala yanakaribia kukauka kabisa, mchana yanapanda, sasa ukipima leo saa tatu asubuhi na wiki ijayo saa kumi jioni halafu ukalinganisha, umelinganisha saa, hujalinganisha fizi.

Saa nzima kabla ya kupima usile, usinywe chai, usitafune bazoka, usivute, usiweke ugoro, na hapa watu wengi wanakosea, usipige mswaki. Mtu anaona aibu kuja na mdomo haujapigwa mswaki, anausugua kweli kweli, fizi inatoa damu, damu inaingia kwenye mate, na damu imejaa protini kuliko mate mara nyingi sana. Hapo umeshapima damu. Piga mswaki asubuhi mapema ukiamka, kisha tulia. Ikibaki dakika kumi na kitu, sukutua kwa maji safi, tema, halafu subiri dakika kumi kamili. Usipozisubiri, yale maji ya kusukutua yanabaki mdomoni yanazimua sampuli.

Kudondosha udenda

Unahitaji kikopo kisafi chenye mdomo mpana, saa ya simu, na bomba la sindano la mililita 5 bila sindano yake, famasi nyingi nilinunuaga kwa shilingi mia tatu. Kaa kwenye kiti wima, miguu chini, inamisha kichwa kidogo mbele kama mtu anayesinzia kwenye basi la usiku. Meza mate yote yaliyopo. Hapo ndo unabonyeza saa. Kuanzia hapo humezi, huongei, husogezi ulimi, hunyonyi mashavu, unaacha mate yajikusanye nyuma ya meno ya chini yafurike yenyewe yadondoke kwenye kikopo. Sio kutema. Kukohoa na kuvuta kohozi ndo kabisa usifanye, kohozi linatoka kifuani.

Dakika tano. Nyingi kuliko unavyofikiri.

Iringa nilipata mzee mmoja, mtu wa heshima zake, koti na kofia. Nikamsalimia shikamoo baba, marahaba, nikamweleza utaratibu, akanitazama weee. "Sasa mwanangu, unataka nidondoshe udenda mbele yako kama mtoto?" Nikamwambia ndiyo baba, na mimi mwenyewe jana nimedondosha. Akageuza kiti akaangalia ukutani, na sampuli yake ilikuwa safi kuliko ya wauguzi wawili waliokuwa wanacheka muda wote. Ndo nikajifunza, mpe mtu mgongo, usimwangalie, na usiruhusu stori za chakula kwenye chumba. Kuna siku dada mmoja alitaja embe bichi la chumvi na pilipili katikati ya zoezi, watu watano wakafurika vikopo. Mate ya mtu aliyetulia na mate ya mtu aliyechokozwa na kitu kichachu au kutafuna ni vitu viwili tofauti, ya kuchokozwa ni mengi na mepesi zaidi, yana bikaboneti nyingi, na viashiria vinazimuliwa.

Ukimaliza, angalia rangi kwanza. Yakiwa na pinki au nyekundu hata kidogo, kwa kipimo cha viashiria hiyo mwaga urudie siku nyingine. Najua inauma. Nimeona watu wanaizungusha kwenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, wakitumaini wekundu utashuka chini, seli zitashuka kweli ila protini za damu zinabaki juu zinakucheka.

Kiasi

Vuta mate kwa bomba usome mililita. Povu usilihesabu, subiri lishuke au soma mstari wa maji tu. Kama una mizani ndogo ya kupimia dhahabu, na Chunya najua mnazo, pima kikopo kitupu kisha chenye mate, gramu moja ya mate ni kama mililita moja, na hii njia ni nzuri kuliko bomba manake povu halikusumbui.

Gawanya kwa tano. Mililita 2 kwa dakika tano ni 0.4 kwa dakika, uko vizuri. Kuanzia 0.3 hivi usiwe na wasiwasi. Ikiwa chini ya 0.1, yaani hata nusu mililita haikufika kwa dakika zote tano, huo ni ukavu wa mdomo wa kitabibu, sio kiu. Rudia siku nyingine ukiwa umekunywa maji ya kutosha, kwasababu huku kwetu kipindi cha baridi mtu anapitisha siku nzima na vikombe viwili vya chai na hajagusa maji.

Ukirudia bado ni hivo hivo, angalia dawa unazokunywa. Za mzio kama piritoni na setirizini, amitriptilini, baadhi ya dawa za presha hasa zile za kukojosha, zote zinakausha. Usiache dawa kwasababu umesoma hapa! Nenda na namba yako kwa aliyekuandikia. Na kapime sukari ya damu, mdomo kukauka na fizi kuvimba vikija pamoja, kisukari ndo mtuhumiwa wa kwanza kuhojiwa. Kisukari kinachochea moto wa fizi, na moto wa fizi unafanya sukari iwe ngumu kushuka, vinashikana mikono.

Kiasi kina umuhimu hata kwa kusoma viashiria, na hapa nimeona hata wenzangu wa maabara wanateleza. Tuseme dada na bibi yake wote wamepata IL-1β pikogramu 200 kwa mililita. Karatasi inasema wako sawa. Lakini dada anatoa mililita 0.5 kwa dakika, kwa hiyo kwa dakika moja mdomo wake unamwaga pikogramu 100, bibi anatoa 0.1, anamwaga 20. Moto wa dada ni mara tano. Bibi namba yake imeonekana kubwa kwasababu mate ni machache, kama chumvi kwenye mchuzi uliokauka. Kwa hiyo ukipeleka sampuli, andika muda uliokusanya na mililita ulizopata, na asipokuuliza mwambie.

Asidi, jaribio la chai

Hili fanya na watoto, wanalipenda. Nunua karatasi za kupimia pH, yaani kiasi cha asidi, namba ikishuka ujue asidi imezidi, zenye chati ya rangi, maduka ya vifaa vya maabara za shule yanauza, usichukue litimasi ya kawaida ya bluu na nyekundu manake hiyo inakuambia asidi au sio asidi basi, haikupi namba. Pima mate kabla ya kula, kawaida utapata kati ya 6.2 na 7.6. Halafu kunywa kikombe cha chai ya Tukuyu na sukari vijiko vitatu kama tunavyoipenda, na andazi, kisha pima baada ya dakika tano, kumi, ishirini, arobaini.

Namba ya kukariri ni 5.5, chini ya hapo ganda la jino linaanza kuyeyuka. Sasa usishangae karatasi yako isipofika huko, asidi kwenye mate inapozwa haraka, ila kwenye ukoga uliong'ang'ania jino pH inashuka zaidi na inakaa chini muda mrefu zaidi. Stephan, Mmarekani, alichora mchoro wa jambo hili miaka ya 1940: sukari ikiingia pH ya ukoga inaporomoka ndani ya dakika chache, halafu inapanda taratibu, nusu saa mpaka saa nzima. Kila funda linaanzisha saa upya. Yule anayekunywa vikombe viwili kwa mpigo akamaliza ana nafuu kuliko anayebeba chupa ya chai dukani Mwanjelwa anafyonza kidogo kidogo kuanzia saa mbili mpaka saa sita, huyo meno yake yameloweka kwenye asidi asubuhi yote. Ulanzi mbichi, ile pombe ya mianzi ikiwa bado tamu, nao hivo hivo, na soda, na miwa ya kutafuna safarini. Sisemi muache, mimi mwenyewe msimu wa ulanzi sitabiriki, nasema malizeni mara moja.

Kupeleka maabara

Mate yana vimeng'enya vyake vinavyokula protini, kwa hiyo saa inaanza kukimbia yakishadondoka. Kikopo kiingie kwenye barafu hapo hapo. Siku ile ile yazungushwe kwenye sentrifuji, yachukuliwe maji ya juu, yagandishwe, nyuzi 80 chini ya sifuri ndo sawasawa, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda mfupi tu. Na usigandishe ukayeyusha ukagandisha tena, yagawe kwenye vichupa vidogo vidogo toka mwanzo.

Tulishapoteza sampuli arobaini kwenye gari moja la kutoka Tukuyu, boksi la barafu liliwekwa juu ya injini kwasababu nyuma kulijaa ndizi. Lilifika Mbeya likiwa la uvuguvugu na barafu imekuwa maji. Bosi akasema tupime hivo hivo. Tukapima, namba zikatoka, nzuri kabisa kwa macho, na hazina maana yoyote. Hapo ndo uchungu wa kazi hii ulipo, sampuli iliyoharibika haikatai kutoa jibu.

Maabara wanatumia ELISA kwa kawaida, sahani ya visima 96, kingamwili zinashika kiashiria, rangi inatokea, rangi ikikolea kiashiria ni kingi. Usitegemee kukuta huduma hii ya fizi kwenye kila kituo cha afya, mara nyingi ni ya utafiti. Ila kuna kipimo cha haraka cha MMP-8 iliyo hai, kimetokana na kazi za Chuo Kikuu cha Helsinki, kinafanana na kipimo cha mimba. Unasukutua maji maalum kidogo kwa nusu dakika, yanadondoshwa kwenye kipimo, ndani ya dakika chache mstari mmoja maana yake mkasi uko chini, miwili maana yake umefika au umezidi nanogramu 20 kwa mililita. Kliniki ya meno ikiwa nacho wataalamu wake watakufanyia.

Kusoma karatasi

Angalia vipimo vya uzito kwanza. IL-1β inaandikwa kwa pikogramu, MMP-8 kwa nanogramu, na nanogramu moja ni pikogramu 1000. Kuna jamaa alinipigia usiku analia IL yake ni 90 wakati ya mkasi ni 15 tu, akadhani kengele imeuzidi mkasi mara sita. Nikamwambia kaka, 15 za nanogramu ni pikogramu 15,000, kalale.

Pili, IL-1β haina mstari mmoja wa dunia nzima kwamba ukivuka hapa ni mgonjwa. Kila maabara, kila aina ya kipimo, na kila namna ya kukusanya ina namba zake. Linganisha na wewe wa mwezi uliopita, maabara ile ile, saa ile ile. Usilinganishe na shemeji yako.

Tatu, namba ndogo haimaanishi uko salama. Mtu anaweza kuwa na mfuko mmoja mrefu, yaani mwanya wa fizi uliochimbika, nyuma ya gego la mwisho, mkasi wa pale ukafika kwenye mate ya mdomo mzima ukapotea, kama pilipili moja kwenye sufuria la msiba. Wavuta sigara nao waangalifu, sigara inapunguza kutoka damu kwenye fizi, mtu anajisifu fizi zake kavu huku mfupa unakwisha chini kwa chini.

Ndo maana hakuna mate yanayoondoa kazi ya tabibu wa meno na kile kijiti chake chenye alama za milimita. Anakipitisha taratibu kwenye mwanya wa kila jino, milimita 1 mpaka 3 ni kawaida, 4 na kuendelea ni mfuko, na akiona haja anapiga eksirei aone mfupa umeshuka kiasi gani. Toka mpangilio mpya wa kimataifa wa 2017, ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa unapewa hatua, 1 mpaka 4 kwa uharibifu uliokwishatokea, na daraja A mpaka C kwa kasi yake, na kwenye kasi wanakuuliza sigara ngapi kwa siku na sukari yako ikoje. Mate hayaulizwi hapo kwenye hatua. Kama una hela ya kitu kimoja tu, kipimo cha mate au kwenda kukaguliwa na kijiti, nenda kwenye kijiti, na hilo nalisema mimi niliyekula mshahara wa mate.

Wiki mbili za majaribio

Mwaka 1965 huko Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba vijana wenye fizi nzima waache kabisa kupiga mswaki. Ndani ya siku 10 mpaka 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Wakarudishiwa miswaki, ndani ya wiki moja hivi fizi zikarudi. Wewe fanya upande wa pili wa jaribio, usiache mswaki tafadhali.

Chora visanduku 28, au 32 kama magego ya mwisho unayo, kimoja kwa kila jino. Jioni pitisha uzi wa meno kila mwanya, taratibu, usikate fizi, na weka alama palipotoa damu. Hesabu. Halafu siku 14, mswaki laini, mara mbili kwa siku dakika mbili, umelazwa ukielekea kwenye fizi pale shingoni mwa jino, sio kusugua kama unasugua sufuria, dawa ya meno yenye floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm, angalia imeandikwa kwenye boksi, na ukimaliza tema tu usisukutue kwa maji mengi ili floraidi ibaki kazini. Mswaki wa mti unasafisha ukiutumia vizuri ila wenyewe hauna dawa ya floraidi. Mkaa acha. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanatuliza, hayatoi ukoga. Siku za mwanzo damu inaweza kutoka zaidi na watu ndo wanaacha hapo, usiache. Siku ya 14 hesabu visanduku tena, na kama unapima mate, pima saa ile ile.

Kuna hali ambazo usisubiri wiki mbili wala kikopo. Uvimbe wa shavu unaoshuka chini ya taya kwenda shingoni, homa, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza kwa shida au kupumua kwa shida, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku na bajaji hakuna. Mtoto aliyedhoofika mwenye fizi inayooza na kunuka vibaya, naye hivo hivo, inaweza kuwa noma, ugonjwa ambao WHO iliuingiza Desemba 2023 kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, na unakula uso kwa siku chache.

Mimi mwenyewe zoezi hili nimelifanya mwezi uliopita, manake ni aibu kuandika kitu usichofanya. Mate mililita 1.9, sawa. Visanduku vyenye damu vilikuwa 11, siku ya 14 vikabaki vitatu, na vyote vitatu ni meno ya mbele chini, upande wa ulimini. Nikachukua kioo na tochi ya simu nikaangalia: ugaga, mgumu, wa njano, umejipanga kama saruji. Pale ndo midomo ya tezi za chini ya taya inapofungukia, kalisiamu ya mate inaugandisha ukoga kuwa jiwe, na jiwe haliondoki kwa mswaki hata usugue mpaka Pasaka. Nimechukua namba kwa tabibu, Alhamisi saa mbili naenda kukwanguliwa.